Kabla hujang'oa redio ya gari, jiulize mpya italala vipi

Najua nimepotea. Kazi ya Nairobi ilinimeza, na kila nilipoketi kuandika hapa nilijikuta narekebisha programu ya mtu mwingine. Leo nimerudi na kisa cha aibu, tena aibu yangu mwenyewe. Nakiandika kwa sababu najua wengi wenu mna gari lililotoka Japani, redio yake inaongea Kijapani, na mnawaza kuing'oa muweke ile yenye skrini kubwa mliyoiona kwenye gari la jirani.

Nianze na msimamo wangu, halafu nieleze nilivyoufikia. Redio ya gari ya siku hizi ni kompyuta. Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuinunua si ukubwa wa skrini, wala Android namba ngapi, wala wati ngapi. Swali ni hili: gari likilala, redio nayo italala? Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na sikuuliza swali hilo. Nusura limgharimu mama yangu.

Haya, tuanze mwanzo.

Kwetu ni Butula, Kaunti ya Busia, ukiacha lami ya Kisumu-Busia pale Bumala na kuingia ndani kidogo. Baba ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2020 alinunua gari la Kijapani lililotengenezwa mwaka 2013, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Gari lilikuja na redio yake ya kiwandani, yenye ramani ya Japani, televisheni ya Japani na maandishi ya Kijapani. Ramani ilituonyesha tuko katikati ya bahari. Televisheni haikushika kitu, kwa sababu Japani hutumia mfumo wa ISDB-T na sisi Kenya tuko kwenye DVB-T2. Kulikuwa pia na yule dada anayesema maneno ya Kijapani kila ukiwasha gari. Wengi hudhani ni redio inayowasalimia. Siyo. Ni kile kidude cha kulipia barabara za Japani kinacholalamika kwamba hujaweka kadi.

Tatizo kubwa lilikuwa FM. Masafa yetu ni kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani walianza kwa kutumia 76 hadi 90 tu, kwa sababu televisheni zao za analogi zilikalia 90 hadi 108. Analogi ilipozimwa mwaka 2011 nafasi ilipatikana, na kuanzia mwaka 2014 wakapanua FM hadi 95. Kwa hiyo redio ya Kijapani ya miaka ile hapa kwetu inashika kipande kidogo tu cha mwanzo. Stesheni nyingi inazipita kama hazipo.

Dawa ya mafundi inajulikana: kile kisanduku kidogo kinachowekwa kwenye waya wa antena. Watu wengi hukitumia bila kujua kinafanya nini. Kinapunguza, basi. Kikiwa cha 18, kinachukua megahezi 100.0 na kuishusha hadi 82.0, na redio inaamini iko Tokyo. Hesabu ni rahisi, lakini ina madhara yake. Stesheni ya 106.5 itaonekana kwenye 88.5. Kama kuna stesheni nyingine ya kweli kwenye 88.5, mawimbi yake huvuja ndani na mbili zinagombana. Kwetu mpakani, ambako hewa imejaa stesheni za Kenya na za Uganda kwa pamoja, ugomvi huo si wa nadra.

Lakini Baba alizoea. Alichukua karatasi ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni jina la kila stesheni na namba yake ya uongo, akaiweka kwenye kijisanduku cha dashibodi. Taarifa ya habari, mpira, na matangazo ya vifo ya jioni. Kwetu matangazo ya vifo si jambo dogo. Mtu akikosa kusikia, akakosa mazishi, ataulizwa mwaka mzima. Baba alikuwa na mfumo wake na ulifanya kazi. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 2024 betri ilizeeka. Gereji wakatoa ya zamani, wakaweka mpya. Kazi ya dakika kumi. Baba alipowasha gari, redio ikaonyesha maandishi ya Kijapani na kukataa kila kitu. "Redio imenuna," aliniambia kwa simu.

Haikununa, ilijifunga. Redio nyingi za ramani za soko la Japani zina ulinzi dhidi ya wezi. Zikikatiwa umeme kabisa zinadhani zimeibwa, na zikirudishiwa zinadai kadi yao ya ramani au namba ya siri. Mwenye gari wa kwanza, kule Japani, alikuwa na vitu hivyo. Sisi wa pili na wa tatu hatuna. Mara nyingi kadi ilishatolewa kabla gari halijapanda meli. Matokeo yake, ulinzi uliotengenezwa dhidi ya mwizi unamwadhibu mtu aliyelipa pesa zake na ushuru juu. Kuna watu wanaouza namba za kufungulia, na wako wanaofungua kweli. Binafsi naona ni ajabu kulipia ruhusa ya kutumia kitu kilicho ndani ya gari lako. Ningekuwa najua mapema ningemwambia Baba ashike umeme: unaunga betri ya pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kabla ya kutoa ya kwanza, ili redio isikose umeme hata sekunde moja. Fundi makini anajua. Kama gari lako bado lina redio ya namna hiyo, mwambie fundi kabla hajashika spana.

Basi Krismasi ikafika, na nyote mnajua mtoto wa kazi Nairobi harudi nyumbani mikono mitupu. Nilinunua Android ya inchi tisa. Shilingi elfu kumi na nne, kamera ya nyuma juu yake. Sanduku liliandika Android 13, kumbukumbu GB 4, wati 60 mara nne. Nilijiona mtoto mwema.

Sikumpa fundi. Kwa nini nimlipe fundi na mimi ndiye msomi? Nilitazama video mbili, nikafungua dashibodi tarehe 26 Disemba chini ya mwembe, binamu zangu wamenizunguka. Hapo nikafanya kosa la kwanza: sikununua soketi ya kati. Kuna kiunganishi ambacho upande mmoja kinaingia kwenye plagi ya gari na upande wa pili kwenye redio mpya, bila kukata chochote. Bei yake ni shilingi mia chache. Mimi nikachukua koleo nikakata plagi ya gari, nikaanza kuunga waya kwa waya.

Sasa ngoja niwafafanulie nyaya, maana hapa ndipo kisa kilipo. Redio za dukani, ziwe za Kichina au za nani, karibu zote hufuata rangi hizi:

- Njano: umeme wa kudumu kutoka kwenye betri. Huu hulinda kumbukumbu, saa na stesheni ulizohifadhi.
- Nyekundu: umeme wa ufunguo. Unakuwepo ufunguo ukizungushwa, ukitolewa unakatika. Huu ndio unaoiambia redio "amka" na "lala".
- Nyeusi: hasi, inayokwenda kwenye bodi ya gari.
- Buluu: antena. Buluu yenye mstari mweupe: kuamsha amplifaya.
- Rangi ya chungwa: taa za usiku za vitufe.
- Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau: spika nne, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Huyo mwenye mstari mweusi usimuunge kwenye bodi hata siku moja, utaua redio.

Hizo ni rangi za redio. Gari lina rangi zake. Kwenye Toyota nyingi, kwa mfano, umeme wa kudumu ni buluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, na hasi ni kahawia. Ukidhani nyekundu hukutana na nyekundu na njano na njano, umepotea. Ndiyo maana unahitaji mita, au ile taa ya kupimia ya fundi.

Nikiwa kazini, waya mmoja wa gari ukagusa chuma. Cheche ndogo, "chap", basi. Nikaendelea. Nilipomaliza kuunga, redio haikuwaka. Waya wa njano ulikuwa na umeme, wa nyekundu haukuwa nao. Giza lilikuwa linaingia, binamu zangu walikuwa wanacheka, na kuku alikuwa tayari mezani. Nikafanya kitu ambacho kila mwandishi wa programu anakijua: nikaweka kiraka. Nikaunga waya nyekundu pamoja na wa njano. Redio ikawaka, muziki ukalia, watu wakapiga makofi.

Kazini tunasema kiraka ni cha muda. Nyote mnajua kiraka cha muda hukaa muda gani.

Usiku ule nikaichunguza ile "Android 13". Ilichukua zaidi ya nusu dakika kuamka, na hilo likanitia shaka. Nikaweka programu ya kusoma taarifa za kifaa. Ukurasa wa mipangilio ulisema 13. Namba ya API ilisema 27. Kwa wasiojua, kila toleo la Android lina namba ya API ambayo programu hutumia kujua ziko wapi, na API 27 ni Android 8.1 iliyotoka Disemba 2017. Android 13 ni API 33. Maandishi ya mipangilio ni maandishi tu, yeyote anayetengeneza kifaa anaweza kuandika anachotaka. API ni ngumu zaidi kuidanganyia, maana ukiibadilisha ovyo programu zinaanguka. GB 4 za kumbukumbu zilikuwa 1. Chipu ilikuwa na viini vinne vya Cortex-A7, muundo ambao ARM waliutangaza mwaka 2011. Na hiyo 8.1, Google waliacha kuitolea viraka vya usalama mwaka 2021.

Wati nazo? Piga hesabu mwenyewe. Gari likiwa linaunguruma, umeme ni kama volti 14.4. Spika ya kawaida ni omu 4. Redio isiyo na kifaa cha ziada cha kuongeza volti haiwezi kuipa spika zaidi ya volti hizo. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa 4, unapata karibu 52. Na hiyo 52 ni kama sauti imekatwakatwa kabisa na kuwa kelele. Kwa sauti safi unagawanya tena kwa mbili, unabaki na karibu 26, na kabla ya hasara za ndani ya chipu. Kwa hiyo aliyeandika "wati 60 mara nne" ameishinda fizikia. Hata sanduku la redio ya bei ghali likiandika 50, anakuhesabia kelele. Tafuta neno RMS kwenye karatasi yake ya maelezo, ndilo la kweli.

Nilikasirika, lakini kwa Baba nikanyamaza. Aibu. Na ukweli ni kwamba kamera ya nyuma ilifanya kazi, na binamu zangu waliipenda.

Baba hakuipenda. "Hii redio yako, kijana wangu," aliniambia, "kuipunguza sauti lazima niitazame usoni kwanza." Barabara ya kwetu ina mashimo, na msimu wa miwa ina matrekta yanayoyumba na mizigo. Kwenye redio ya zamani mkono wake ulijua kitufe kilipo bila macho. Kwenye kioo hakuna cha kupapasa, na gari likiruka kidole kinafungua kitu kingine. Nikamwambia atazoea. Leo nakubali kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hata Ulaya wanarudi huko: shirika la Euro NCAP linalopima usalama wa magari, katika kanuni zake za mwaka 2026, linataka vitu kama honi, vipangusa kioo na taa za kuonyesha upande viwe na vitufe au vishikio vya kweli, la sivyo gari linapoteza alama. Sauti ya redio haimo kwenye orodha hiyo, lakini sababu ni ileile: macho ni ya barabara.

Akaongeza jambo la pili: "Halafu ile tundu ya kuchajia simu haifanyi kazi tangu uweke redio." Nikamjibu kwamba nitaitazama siku nyingine. Wasomaji mnaofanya kazi kama yangu mnaelewa nilichofanya. Mtumiaji aliripoti kasoro, tena akaitaja na tarehe iliyoanza, nami nikaifunga bila kuisoma.

Nikarudi Nairobi. Wakati wa sikukuu gari halikuonyesha dalili yoyote, kwa sababu nililiendesha kila siku na alternata ikaijaza betri. Lakini Baba peke yake haendeshi kila siku. Huenda kanisani Jumapili, sokoni katikati ya juma, basi. Wiki ya pili ya Januari akapiga simu: gari haliwaki. Wakalisukuma. Siku tatu baadaye, tena. Nikamwambia kwa uhakika wa msomi, "Baba, wamekuuzia betri mbovu." Nikatuma pesa kwa M-Pesa, akanunua nyingine. Betri ya pili mpya ndani ya mwaka mmoja. Baada ya wiki moja nayo ikafa.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoona haya kuiandika. Mama ana pumu. Usiku mmoja wa Februari, saa nane hivi, ikambana, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Baba akamsaidia kuingia garini, akazungusha ufunguo. Tik, tik, kimya. Saa nane usiku kijijini hakuna wa kusukuma gari. Akakimbia kumwamsha jirani mwenye bodaboda, wakaondoka watatu kwenye pikipiki moja, Mama katikati, baridi ile, hadi hospitali Busia. Wakampa hewa na dawa. Asubuhi alikuwa mzima na anauliza kama ng'ombe amekamuliwa. Baba akanipigia saa moja kunieleza kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Hakunilaumu, maana hakujua kwamba mimi ndiye chanzo. Mimi mwenyewe sikujua bado.

Nilisafiri wikendi hiyo. Baba akanipeleka kwa fundi wa umeme wa magari pale Bumala, mzee mwenye banda la mabati. Hakuuliza betri ni ya kampuni gani. Aliuliza, "Ni nini kilibadilishwa kwenye gari kabla ya haya kuanza?" Baba akanitazama. Fundi akatoa waya hasi wa betri, akaweka mita katikati, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Baba na milango imefungwa. Mita ikasoma ampea 0.8. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Alipochomoa ya redio, ikashuka hadi 0.02. Akatoa redio, akavuta nyaya, akacheka.

"Kijana, nyekundu na njano nani amezifungisha ndoa?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi leo tutazipa talaka."

Fanya hesabu nami. Ampea 0.8 kwa saa 24 ni ampea-saa 19.2. Betri ya Baba ni ya ampea-saa 45 ikiwa imejaa. Siku mbili gari limeegeshwa, zaidi ya 38 zimekwenda, na kilichobaki hakiwezi kugeuza injini. Baba alikuwa anazima skrini kila akishuka, na skrini ilikuwa inazima kweli. Kompyuta iliyo nyuma ya skrini haikuzima. Hakuna aliyeiambia ilale, kwa sababu waya wa kuiambia nilikuwa nimeuunga kwenye umeme wa kudumu.

Na kwa nini waya wa ufunguo ulikosa umeme siku ile? Ile cheche. Iliunguza fyuzi ya shilingi ishirini, ambayo kwenye gari lile ndiyo hiyo hiyo inayohudumia tundu la kuchajia simu. Baba alikuwa amenipa jibu Disemba. Fyuzi moja, dakika moja. Badala yake tukanunua betri nzima, na Mama akapanda pikipiki usiku.

Tumefanya nini baadaye? Tumetoa Android. Tumeweka redio ya kawaida ya urefu mmoja, ya kampuni ya siku nyingi, yenye kitufe cha kuzungusha, FM ya 87.5 hadi 108, tundu la USB na Bluetooth. Nilinunua na soketi ya kati safari hii, na fundi akatengeneza ile plagi niliyoikata. Vipimo vya redio ni vya dunia nzima: milimita 180 kwa 50, au 180 kwa 100 kwa zile za urefu wa mara mbili. Toyota nyingi za Japani zina nafasi ya upana wa 200, ndiyo maana mafundi huweka vipande vya plastiki pembeni. Sehemu iliyobaki chini tumeweka kijisanduku, na Baba anaweka miwani yake humo. Kile kisanduku cha antena tumekitoa, stesheni zimerudia namba zao za kweli. Karatasi ya daftari ameihifadhi, sijui kwa nini.

Je, nasema Android za magari ni mbaya zote? La. Ziko zenye chipu nzuri na kumbukumbu ya kutosha, na kamera ya nyuma ni msaada mkubwa. Kwa dereva wa teksi anayehitaji ramani siku nzima, skrini ina maana. Lakini hata huyo ningemshauri atafute redio inayotumia CarPlay au Android Auto, yaani skrini inayoazima akili ya simu yake. Simu ataibadilisha baada ya miaka mitatu. Redio ataishi nayo hadi auze gari.

Kama umeamua kubadilisha, haya ndiyo ninayoomba uyafanye:

1. Kabla ya kulipa, iwashe dukani na usome namba ya API kwa programu kama CPU-Z au AIDA64. Muuzaji akikataa, ondoka.
2. Nunua soketi ya kati inayofaa gari lako. Usikubali plagi ya gari ikatwe, hata fundi akisema ni haraka zaidi.
3. Toa waya hasi wa betri kabla ya kuanza, ili cheche isipatikane. Lakini kama redio ya zamani ni ya kujifunga na unataka kuitunza, jua kwamba utaifunga.
4. Ukimaliza, toa ufunguo, funga milango, subiri robo saa, kisha pima umeme unaotoka kwenye betri. Ukizidi ampea 0.05, kuna kitu hakijalala. Mwombe fundi akupimie, hakichukui muda.
5. Jaribu kila kitu kilichokuwa kinafanya kazi kabla: taa, honi, tundu la chaji, saa. Kimoja kikiwa kimezima, kazi haijaisha.

Hilo la tano ndilo lililonishinda. Mfumo wa Baba, pamoja na karatasi yake na namba za uongo, ulikuwa unafanya kazi. Mimi nilikuja na kitu kipya na sikukagua kama nimevunja cha zamani. Kazini nisingeruhusiwa. Mwenzangu angeirudisha kazi yangu kabla haijamfikia mteja. Kwenye gari la wazazi wangu hakukuwa na wa kunirudisha, na yule aliyejaribu nilimwambia atazoea.

Mwisho, fungueni macho kwa yanayokuja. Mwaka 2019 Toyota walianza kuyawekea magari yao ya Japani, wakianza na Corolla, skrini za kiwandani ambazo hazina umbo la kawaida la redio. Kwa kanuni yetu ya miaka minane, magari ya namna hiyo yanashuka Mombasa sasa na yatazidi. Hayo hutang'oa redio kirahisi na kuweka nyingine, maana skrini imeungana na gari lenyewe. Tutabaki na Kijapani chetu, au tutategemea watu wa kufungua programu. Tungoje, nitaandika zaidi nikipata moja mkononi.

Mama hajambo, anawasalimu. Dawa yake ya kuvuta sasa ziko mbili, moja chumbani na moja kwenye kile kijisanduku chini ya redio, kando ya miwani ya Baba.

Alamsiki.